Mvamizi wa Mechi ya Ukungu

Shemeji yangu Rollie Buchholz alipoanza kusahau, alianza na vitu vidogo: funguo, jina la mbwa, njia ya kwenda kanisani. Halafu akasahau kwamba mama yake alishakufa. Dada yangu Bernadine alimpa habari ya msiba ule, naye akalia kama mtoto. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tena, akalia upya. Mwishowe Bernadine akaona dhambi ya uongo ni nyepesi kuliko mateso yale. Rollie akiuliza, "Mama yuko wapi?" alimjibu, "Ametoka kidogo, atarudi," na Rollie akatulia, akaendelea na supu yake.

Daktari alisema ni vichwa kugongana kwa miaka mingi. Maana Rollie alikuwa mvamizi wa Wapasua Magogo, timu yetu, enzi zile suruali za vijana zilipokuwa pana chini kama kengele. Katika mpira wetu sisi Wamarekani kuna mrushaji, anayesimama nyuma ya ukuta wa wanaume wanene akitafuta mwenzake wa kumrushia mpira. Na kuna mvamizi, ambaye kazi yake ni moja tu: auvunje ukuta ule, au auzunguke, amlaze mrushaji chini kabla mpira haujamtoka mkononi. Mvamizi hafungi mabao, wala hapigwi picha akitabasamu. Lakini hapa Nepewauk mtoto akizaliwa na mabega mapana, bibi zake hawasemi atakuwa mrushaji.

Mwezi wa Februari, ziwa linapoganda hata likabeba magari, nusu ya mji huhamia juu yake. Kila ukoo una kibanda chake cha mbao, kisicho na dirisha, na ndani ya kibanda limekatwa shimo katika barafu, lenye upana wa meza ya kulia chakula. Unafunga mlango nyuma yako, giza linakushika, halafu polepole mwanga unaanza kupanda kutoka chini, majini, wa kijani kibichi kama chupa ya zamani. Unakaa na chusa kando yako, unaangalia shimoni, unamngoja stajoni, yule samaki wa kale mwenye mifupa mgongoni badala ya magamba, mrefu kuliko mtu mzima. Wengi wetu tumekaa hivyo misimu na misimu bila kumwona. Hatulalamiki. Ukiangalia ule ukijani kwa muda wa kutosha, huwezi tena kujua kama unaangalia chini au juu.

"Mchukue, Clem," dada yangu aliniambia asubuhi ile. "Hapa nyumbani anazunguka tu kama mtu anayetafuta mlango."

Basi nikamchukua. Tulikuwa mimi, Rollie, na binti yangu Tess, ambaye ni fundi umeme na ndiye aliyeendesha gari, kwa kuwa anasema mimi naendesha juu ya barafu kama naogopa kuiamsha. Tulimkalisha Rollie kwenye kiti chenye mto, tukamfunika blanketi miguuni, tukawasha jiko dogo la gesi. Aliangalia majini, uso wake ukawa wa kijani kama wetu sote, akasema, "Pazuri hapa," kisha hakusema tena.

Hatukukaa sana mlango ukagongwa. Alikuwa Ozzie Lindqvist wa kibanda cha jirani. Ozzie husema shimo lake limekufa, halina samaki, lakini ukweli ni kwamba hawezi kukaa peke yake na mdomo wake.

"Dombrek," alisema kabla hajafunga mlango. "Mjadala umekwisha. Nipeni kahawa."

Wiki ile redio ya mji ilikuwa ikipokea kura za wasikilizaji: nani mvamizi bora wa Wapasua Magogo tangu timu iundwe? Jina la mshindi lingechongwa kwenye jiwe langoni mwa uwanja. Watu waligombana mpaka foleni ya duka la nyama.

"Mzee Ozzie, hata hujakaa!" Tess alisema, akimmiminia kahawa.

"Nakuzika nikiwa nimesimama, binti. Ni haraka zaidi. Kazimir Dombrek alicheza bila wavu usoni. Pua yake ilivunjwa mara nyingi mpaka ikawa inakata kona kabla yake. Na bado akawalaza."

"Aliwalaza akina nani? Wakamua ng'ombe! Wametoka zizini asubuhi, wamevaa kofia, wameingia uwanjani. Wengine bado walinuka maziwa. Mimi nakupa Terrell Oakes. Kabla hujamaliza kutamka 'Oakes', mrushaji kashalala chali anahesabu mawingu."

"Siku hizi ukimpulizia mrushaji anaanguka! Wanalindwa kama mayai ya bata bukini. Dombrek angecheza leo wangemfunga jela."

"Dombrek angecheza leo angekuwa bado anafunga kamba za viatu, Oakes ameshaoga ameenda zake."

"Clem, umelea mtoto huyu au umemwokota?"

"Nimemlea," nilisema. "Ila sehemu ya mdomo ni ya mama yake."

Nilicheka nao, lakini nilijibana. Mimi nilikuwa na mvamizi wangu, na alikuwa amekaa ubavuni kwangu, blanketi miguuni, na sikujua kama adabu ni kumtaja au kutomtaja. Niliona na wenzangu wanalikwepa jina lile, wanalizunguka kama watu wanaopita kando ya barafu nyembamba. Mpaka Ozzie, kwa kuchanganyikiwa na utamu wa ubishi, akateleza.

"Sawa, Oakes nampa nafasi ya tatu. Wa pili, bila shaka yoyote, ni Bu—" Akafunga mdomo.

Rollie akainua macho. "Nani?"

Gesi ikaendelea kunong'ona. Tess ndiye aliyejibu, kwa upole. "Buchholz, anko."

"Buchholz? Yule wa kushoto?"

"Huyo huyo."

Rollie alifikiri kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. "Wa wastani," alisema. "Nguvu alikuwa nazo. Lakini hatua yake ya kwanza nzito. Kama anang'oa kisiki."

Tulicheka, halafu hatukujua kicheko kile tukiweke wapi. Ozzie akainamia kikombe chake.

"Mnapoteza pumzi bure," Rollie akaendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa pana, sauti niliyoikumbuka kutoka meza za Krismasi za zamani. "Mvamizi ni Leroy."

"Leroy Tibbs?" Ozzie aliuliza. "Yule wa kulia? Rollie, rafiki yangu, Leroy alicheza misimu michache tu, goti likamaliza mambo."

"Ulikuwepo siku ya ukungu?"

Hakuna mtu wa umri wetu ambaye hasemi alikuwepo. Mechi ya Ukungu ilikuwa ya Desemba, mchana, dhidi ya timu ya mji wa pili. Ziwa lilikuwa halijaganda bado, na kabla ya mapumziko ukungu ukapanda kutoka majini, ukavuka ukuta wa uwanja, ukajaa ndani kama maziwa yanavyojaa kwenye ndoo. Waamuzi hawakusimamisha mchezo. Mtangazaji alisema, "Mabibi na mabwana, sioni kitu," kisha akanyamaza. Maelfu ya watu tulikaa kimya tukisikiliza filimbi, kelele za juhudi, na kishindo cha mtu anayeanguka. Kila ukungu ulipopasuka kidogo tuliona jambo lile lile: mrushaji wao yuko chini, na juu yake wamesimama Rollie na Leroy wote wawili, kama watu waliokuta ajali njiani. Tukashinda. Magazeti ya kesho yake yakaandika jina la Rollie peke yake. Magazeti ya siku zile yalikuwa na macho yake, na Leroy alikuwa mtu mweusi kutoka Arkansas, mgeni, asiyependa kusema na waandishi. Rollie mwenyewe akiulizwa habari ya mechi ile, miaka yote, alijibu, "Ukungu ulikuwa mzito," na watu wakausifu unyenyekevu wake.

"Huoni kitu," Rollie alisema sasa, macho yake shimoni. "Ukinyoosha mkono, mkono unakwenda zake, unakuacha. Mpira huuoni. Na mvamizi asiyeuona mpira hajui aondoke lini. Leroy akaniambia, 'Rollie, achana na macho. Msikilize yule aliyeinama na mpira. Kabla hajampa mrushaji, anavuta pumzi.' Na kweli. Unasikia, hff, halafu dunia yote inasogea."

Tess alikuwa ameacha kumimina kahawa.

"Kisha akaanza kuimba. Chini chini, wimbo wa kanisani kwao, ili nijue yuko wapi. Mimi kushoto, yeye kulia, katikati watu na ule weupe. Wimbo ukikatika, najua ameondoka. Nasubiri kidogo. Pu! Mtu ameanguka. Halafu wimbo unaanza tena, unarudi mahali pake, hata hahemi. Mimi nafika pale nakuta kazi imekwisha. Nasimama tu. Ukungu unafunguka, watu wanaliita jina langu. Nikamwangalia Leroy. Akanikonyeza."

Wakati anasema hivyo, kitu kilikuja chini yetu. Kwanza nilidhani ni wingu limepita juu ya barafu, kwa jinsi ukijani ulivyofifia upande mmoja. Halafu pua ikatokea, ndefu, ya kijivu, na nyuma yake mwili ukafuata, ukafuata, ukazidi kufuata, na mifupa ya mgongo wake kama safu ya mawe, ukipita polepole bila kuchezesha chochote, kana kwamba samaki amesimama na ziwa ndilo linalosogea. Sote wanne tulimwona. Rollie hakuacha kusema. "Wimbo ulikuwa na beti nyingi," alisema. "Kila mara alianza pale alipoachia." Na stajoni akapita chini ya maneno yale, mkia wake ukageuka mara moja, kwa uvivu, na maji yakabaki matupu.

Kamba ya chusa ilikuwa mkononi mwangu muda wote.

"Clem!" Ozzie alipiga kelele, akiwa amechelewa kama mimi. "Chusa! Chusa, mtu wangu! Umekaa hapo kama bibi harusi!"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi mgeni! Kibanda si changu!"

Tess alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Rollie akacheka kwa sababu tulicheka. Lakini Ozzie alipotoka alinivuta nje, tukasimama kwenye mwanga mkali wa theluji, tukikunja macho.

"Usiyatilie maanani yale," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ni maradhi yanayosema. Mtu asiyejua jina lake atajuaje nani alifanya nini zaidi ya miaka arobaini iliyopita?"

"Labda ndiyo maana," nilisema. "Hana tena mtu wa kumpendelea."

Ozzie alitikisa kichwa. "Mimi nilimpigia makofi siku ile mpaka viganja vikapasuka. Usiniambie nilimpigia makofi mtu mwingine." Akaenda zake kibandani kwake, akiwa amejikunyata, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba kumtetea Dombrek kote kule kulikuwa njia yake ya kutogusa kidonda.

Nilipomrudisha Rollie nyumbani nilimsimulia dada yangu. Bernadine alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Nimelala na mwanamume huyu kitanda kimoja maisha yangu yote," alisema. "Hajawahi kuniambia hata neno moja la siku ile. Nilimuuliza nikiwa bibi harusi mpya, nikamuuliza nikiwa mama wa watoto wanne. 'Ukungu ulikuwa mzito, Bernie.' Na leo anawaambia nyinyi, mbele ya samaki."

"Ozzie anasema ni maradhi."

"Ozzie anasema mengi." Alichukua kiazi, akakigeuza mkononi, hakukimenya. "Leroy amekufa siku nyingi. Lakini mkewe, Odessa, yuko hai, huko Milwaukee. Hunipigia simu kila Krismasi. Theluji ikipungua tutakwenda."

Kura zikahesabiwa kabla theluji haijapungua. Dombrek alishinda kwa mbali, na Ozzie akatamba mjini kama aliyemzaa yeye mwenyewe. Tess, baada ya kelele zote zile za Oakes, alipiga kura yake kwa Leroy Tibbs. Mimi pia. Mtangazaji alilisoma jina lile akaomba radhi, akasema labda amelitamka vibaya.

Tulikwenda mwishoni mwa Machi, dada yangu, Rollie na mimi. Mashamba yalikuwa yameanza kutoa vichwa vyeusi kutoka chini ya theluji, na juu ya kila bonde mvuke ulilala, mweupe, usio na haraka. Rollie alikaa nyuma akiuangalia. Kila tulipopita kibao cha mji alikisoma kwa sauti, kama mtu anayesalimia.

Odessa Tibbs alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na nyumba yake ya matofali ilinukia kuku wa kukaanga na mahindi matamu. Alimkumbatia Bernadine kwanza. Kisha akasimama mbele ya Rollie, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Wewe," alisema. "Wewe, mtu mkubwa wewe."

"Leroy yuko wapi?" Rollie aliuliza.

Bernadine alivuta pumzi aseme, lakini Odessa hakuhitaji msaada. "Ametangulia," alisema. "Unamjua Leroy. Hangoji mtu." Na Rollie akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaketi.

Tulikula kwanza, Odessa hakukubali jambo lolote lizungumzwe tukiwa na njaa. Baada ya sahani kuondolewa, na Rollie ameanza kusinzia kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha, Bernadine akamweleza yale ya ziwani: pumzi, wimbo, kishindo. Odessa alisikiliza bila kumkatiza. Kwenye wimbo aliweka kiganja mdomoni.

"Wimbo ni kweli," alisema. "Aliuimba hata akinyoa ndevu. Lakini mengine, mwenzangu, hapana. Leroy aliniambia ni Rollie. Kila kishindo cha siku ile, ni Rollie. Aliniambia hivyo usiku ule, na aliniambia hivyo hospitalini wiki ya mwisho."

"Mmoja wao basi anadanganya," nilisema.

"Clem," dada yangu alinionya.

"Ngoja nikwambie jambo, kaka," Odessa akaniambia. "Goti la Leroy lilikuwa limekwisha tangu Oktoba. Asubuhi nilimfunga bandeji kabla hajashuka ngazi. Alikuwa hawezi kukimbia, alikuwa anajiburuta kwa kiburi tu. Mwalimu wa timu angejua, angemtupa nje siku hiyo hiyo, na sisi tulikuwa na mtoto mmoja mkononi na mmoja tumboni. Waliojua walikuwa watu wawili. Mimi, na huyu." Alimwonyesha Rollie kwa kidevu. "Mechi zote zile, huyu alikuwa akimaliza upande wake, kisha anakata katikati anakwenda kufanya na upande wa Leroy. Siku ya ukungu ndiyo Mungu aliyowapa bure, maana hakuna aliyeona nani ametoka wapi. Leroy alisimama pale akiimba, ili Rollie asimgonge. Msimu ule aliumaliza. Nyumba hii ni msimu ule."

Nje, mfereji wa paa ulidondosha maji ya theluji.

"Kwa hiyo hatua yake haikuwa nzito," nilisema, nikijisemea mwenyewe.

Odessa hakunielewa, naye hakuwa na haja. Alikuwa akimwangalia Bernadine. "Uliketi wapi siku ile?"

"Na wake wa wachezaji. Safu ya mbele."

"Mimi nilikuwa nyuma yako," Odessa alisema. "Safu ya nyuma kabisa. Siku zile ndivyo tulivyokuwa pamoja."

Dada yangu aliinamisha macho. "Sikugeuka," alisema.

"Ungegeuka ungeona nini? Ukungu." Odessa alimpiga kofi dogo mkononi, na hakuuondoa mkono wake. "Nilikuwa nikimsikiliza Leroy. Nilijua goti lile halimpeleki popote, na kila kishindo nilisema, basi, leo ndiyo mwisho wake. Goti lile."

"Goti la Leroy ni zima."

Tulishtuka. Rollie alikuwa ameamka. Alikuwa amekaa wima kabisa kitini, mikono kwenye magoti yake mwenyewe, na macho yake yalikuwa makali, macho ya mtu anayejua aliko, ingawa hakuwa pale.

"Nani anasema habari za goti?" aliuliza. "Goti lake ni zima. Nimemwona akikimbia leo asubuhi. Semeni polepole, mwalimu asisikie."

Bernadine alifunga macho. Mtu yule alikuwa amesahau mama yake, mbwa wake, jina la kanisa alilofungia ndoa. Alikuwa amejisahau hata nafsi yake. Lakini siri ya rafiki yake alikuwa bado ameishika kwa mikono miwili, na ikimlazimu kutoa heshima yake yote ili kuifunika, alikuwa tayari kuitoa, hata mbele yetu, hata ziwani.

Odessa aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti chake. Machozi yalimshuka lakini sauti yake ilikuwa imara.

"Mwalimu hasikii, Rollie. Amekwenda nyumbani. Hapa ni sisi tu."

"Kweli?"

"Kweli. Leroy amemaliza msimu. Vizuri kabisa."

Rollie alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha mabega yake yakashuka, yote mawili kwa pamoja, kama mtu aliyetua mzigo baada ya kupanda ngazi nyingi. "Basi vizuri," alisema. "Vizuri. Nilikuwa nachoka."

Tulikunywa kahawa. Kulikuwa na keki ya viazi vitamu, na Rollie alikula vipande vyake na cha kwangu. Odessa, ambaye alikuwa ameshajifuta uso na kuchangamka, akamuuliza: "Hebu nionyeshe, mtu mkubwa. Mlikuwa mnasimamaje? Leroy hakuwahi kunionyesha, alisema nitacheka."

Kabla Bernadine hajamzuia, Rollie alikuwa ameshasogeza meza. Alitanua miguu juu ya zulia la Odessa. Akainama, mgongo ukalala sawa, mkono mmoja ukagusa chini kwa ncha za vidole, mwingine ukabaki nyuma kama bawa. Sijui niseme nini. Mzee aliyeshindwa kufunga vifungo vya shati asubuhi alikuwa amejikunja pale kama upinde, mzima, hana swali hata moja. Chumba kizima kilimsubiri. Hata mimi nilijikuta nimejikaza.

Halafu hakuweza kuinuka.

"Bernie," alisema, akiwa bado ameinama. "Nimekwama."

Bernadine akamshika kiuno, Odessa akamshika mkono, mimi nikamshika mabega kwa nyuma, tukamvuta, akayumba, na sote wanne tukaenda chini juu ya zulia, tukapigana viwiko, kiatu changu kikiwa mahali ambapo shemeji hapaswi kuweka kiatu. Nilisikia mtu anacheka kwa nguvu na nikadhani ni Odessa, kumbe ni dada yangu, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu maradhi yalipoanza. Sasa, katika mpira wetu, kumshika mvamizi ni kosa, na hajawahi kuzaliwa mvamizi asiyelalamika kwamba anashikwa. Chini yetu sote, uso ukiwa zuliani, Rollie alikuwa akipiga kelele kwa furaha:

"Mwamuzi! Mwamuzi yuko wapi? Wananishika! Huoni? Watatu wananishika!"

Hatukuwa na haraka ya kuinuka. Odessa alilala chali akipepea uso wake kwa mkono, akisema, "Nimeona, Rollie, nimeona," na Rollie akadai adhabu itolewe, hatua kumi, akamlalamikia mwamuzi asiyekuwepo mpaka pumzi zikamwishia. Ilibidi tumwite kijana wa jirani atuinue mmoja mmoja.

Rollie aliishi mwaka mmoja na kidogo baada ya hapo. Odessa alikuja mazishini, na Bernadine akamkalisha safu ya mbele, kando yake.